Nimebadilisha hita ya maji: njooni muione mita

Habarini ndugu zangu wa nyumbani, na nanyi mlio ughaibuni kama mimi. Leo sikai sebuleni. Nifuateni huku nyuma ya nyumba, maana tangu niseme bili yangu ya umeme imeshuka, mmeniuliza nimefanya nini, na jibu ni hili tangi nililosimama kando yake.

Hii ni pampu ya joto ya kupasha maji. Tangi lina lita 200, na pale juu kuna feni na kompresa. Kabla hamjaniuliza bei, naomba kwanza muelewe inavyofanya kazi, kwa sababu asiyeelewa hapo atauziwa maneno.

Nenda kwenye friji yako sasa hivi, weka mkono nyuma yake au ubavuni. Umehisi joto? Sehemu kubwa ya joto hilo imetolewa ndani, kwenye vyakula ulivyoweka, ikasukumwa nje. Mashine hii ni friji iliyogeuzwa. Feni inavuta hewa ya hapa nje, gesi iliyomo kwenye mabomba inapokea joto la hewa hiyo, kompresa inaibana gesi mpaka inakuwa moto sana, kisha joto linahamia kwenye maji. Kwa hiyo umeme ninaolipia unafanya kazi ya kubeba joto ambalo tayari lilikuwepo hewani, bure.

Hita ya koili, ile yenye waya wa umeme unaopasha maji moja kwa moja, ikila uniti moja ya umeme, inakupa uniti moja ya joto, basi. Hata uinunue leo. Hii yangu ikila moja inanipa kama tatu, na hewa ikiwa na joto inakaribia nne. Wala si elimu ya jana: mwanafizikia Lord Kelvin aliieleza kanuni yake mwaka 1852, na miaka michache baadaye mhandisi Peter von Rittinger akaitumia huko Austria kwenye kazi ya kukausha chumvi.

Chukueni kalamu. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi joto moja kunahitaji takriban kilojuli 4.19. Lita 200, kutoka nyuzi 20 mpaka 60, ni karibu kilojuli 33,500. Gawanya kwa 3,600 upate uniti: ni 9.3. Hizo ndizo koili itakazokula kila siku, ukimaliza tangi zima, na bado sijahesabu joto linalovuja usiku kucha. Kwa pampu ya joto ni kama uniti 3. Tofauti ni 6 na kitu kwa siku, na kwa mwaka zinapita 2,200. Zidishe kwa bei ya uniti unayolipa wewe, halafu ulinganishe na gharama ya mashine na fundi. Usikubali mtu akupigie hesabu hiyo. Ipige mwenyewe, kwa idadi ya watu wa nyumbani kwako na maji wanayotumia kweli.

Sasa niwaambie kilichonikuta, na ndicho kilichonifanya nirekodi video hii. Mwezi wa kwanza bili haikushuka nilivyotegemea. Ilipungua kidogo tu, nikaumia sana, maana pesa niliyoitoa haikuwa ndogo. Nikaanza kusoma mita kila asubuhi na kila jioni. Siku ya tatu nikafungua kitabu cha maelekezo nikagundua kwamba ndani ya tangi kuna koili ya akiba, ya kusaidia maji yanapohitajika haraka. Fundi alikuwa ameiacha iwake muda wote! Nilikuwa nimenunua pampu ya joto nikawa naendelea kuchemsha kwa koili. Nikabonyeza hapa, mnaona, nikachagua ifanye kazi kompresa peke yake. Kesho yake mita ikaonyesha maji ya moto yamekula uniti 3 na kitu. Tafadhali, fundi asiondoke kwako kabla hajakuonyesha kitufe hiki.

Ila kompresa haina haraka. Inatumia wati 600 hivi, wakati koili inaweza kuvuta 3,000, kwa hiyo kujaza joto tangi zima kunachukua saa nyingi. Ndiyo maana ukubwa wa tangi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tangi dogo litakurudisha kwenye koili. Mwenye paneli za sola aiwekee saa iwake mchana, jua likiwa kali, na maji yenyewe yatakuwa betri yake mpaka jioni.

Kuna jirani aliyeshusha kipimo mpaka nyuzi 45 ili aokoe zaidi. Ndugu zangu, hapana. Bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na wanaleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Maji ya tangi yawe nyuzi 60, na kwenye bomba la bafuni fundi afunge vali ya kuchanganya na maji baridi, watoto wasije wakaungua.

Usiiweke kwenye stoo ndogo iliyofungwa. Itapoza hewa ya mle ndani, kisha ihangaike kutafuta joto. Na inatoa matone ya maji kama kiyoyozi, kwa hiyo iwe na mpira wa kuyapeleka nje.

Je, kila mtu abadilishe? Mimi nasema hapana. Unaishi peke yako na unaoga dakika tano, au una hita ya jua inayokutosha, tulia na pesa yako. Ziba bomba linalovuja, funika mabomba ya maji ya moto kwa sponji, inatosha. Lakini nyumba ya watu wanne, watano, na koili ya zamani inayokaribia kufa, hapo usisubiri iharibike ndipo uanze kutafuta kwa pupa.

La mwisho ni kelele, maana mama yangu ameniuliza mara mbili kama tunapata usingizi. Mama, tuliiweka upande huu, mbali na vyumba vya kulala. Inaunguruma sasa hivi tunavyoongea. Ngoja ninyamaze, niisogeze simu karibu, usikie mwenyewe.