Mpiga Zumari wa Kisiwa cha Lewis

SALIM: Haya, dada Rehema, wiki iliyopita ilikuwa taarab, leo umetupeleka Scotland. Kulikoni?

REHEMA: Nimewaletea Donald MacLeod. Kazaliwa Stornoway, kisiwa cha Lewis, mwaka 1916. Mpiga zumari ya mfuko, ile ya wanaume waliovaa sketi za mirabamiraba. Na usinitazame hivyo, kaka Salim. Zumari zile zinakerezwa kwa mpingo.

SALIM: Mpingo huu huu wa Kilwa?

REHEMA: Wa Tanzania na Msumbiji, ndiyo. Ni mti mzito, umeshikana, ukiukereza unatoa ukuta laini wa ndani na sauti inatoka safi. Ila unataka subira. Fundi anautoboa tundu, anauacha ukauke taratibu, ndipo anaurudia. Akiharakisha, unapasuka.

SALIM: Na huyu MacLeod alikuwa fundi au mwanamuziki?

REHEMA: Mwanamuziki, ila biashara ya zumari pia aliingia. Alikuwa mwanajeshi wa Seaforth Highlanders, kikosi cha Waskoti katika jeshi la Uingereza. Mwaka 1940 alitekwa na Wajerumani kule Saint-Valery, Ufaransa, akatoroka. Mwaka 1945 yuko mbele na zumari yake, kikosi kinavuka mto Rhine. Miaka ya 1960 akaacha jeshi, akawa mbia katika karakana ya Grainger & Campbell, Glasgow, watengenezaji wa zumari.

SALIM: Ah, kumbe! Kwa hiyo anatunga, anapiga, na anauza chombo chenyewe.

REHEMA: Na mashindano anashinda. Lakini mimi vikombe havinisisimui sana. Kinachonishika ni utunzi. Zumari ile ina noti tisa tu. Na ukishaijaza mfuko upepo, huwezi kunyamaza katikati, wala huwezi kupunguza sauti. Mabomba matatu begani yanavuma mwanzo mwisho.

SALIM: Ngoja kwanza. Ukitaka kupiga noti ileile mara mbili?

REHEMA: Umegusa penyewe! Hakuna kimya cha kuzitenganisha. Kwa hiyo unainua kidole, unakirudisha kufumba na kufumbua, inapita noti fupi ya juu, inaikata ile ndefu. Katika wimbo mmoja vidole vinafanya hivyo mara nyingi mno. MacLeod alijenga nyimbo juu ya ukataji huo. Sikiliza ule aliouita “The Hammer on the Anvil”: unasikia kabisa nyundo inagonga fuawe.

SALIM: Wa kasi huo.

REHEMA: Wa kasi, wa kuchezeka. Ana “Crossing the Minch” pia. Minch ni bahari iliyo kati ya Lewis na bara, mtu wa kisiwani lazima aivuke. Sisi wa Unguja tunaelewa.

SALIM: Usinikumbushe boti ya msimu wa kusi.

REHEMA: (anacheka) Sasa, upande wa pili kuna piobaireachd, muziki wa kale, mzito, wimbo mmoja unaweza kuzidi dakika kumi. Huo alifundishwa na John MacDonald wa Inverness, naye wanafunzi wake akawarekodia kanda, nyingi sana. Na humo hapigi zumari kubwa. Anaimba kwa silabi, hiharin, hodin, namna ile wazee wao walivyopokezana nyimbo kwa mdomo, kisha anapiga kwa kizumari kidogo cha mazoezi.

SALIM: Lakini noti si zimeandikwa vitabuni?

REHEMA: Zimeandikwa, na yeye mwenyewe alichapisha vitabu. Ila kitabu hakikwambii noti hii uivute kiasi gani, ile uiibe wapi. Ukimsikia anaimba, unajua. Kwa maoni yangu kanda zile zinazidi vikombe vyote.

SALIM: Alifariki lini?

REHEMA: 1982. Stornoway wanafanya mashindano ya kumkumbuka, na wapigaji wakubwa huenda.

SALIM: Basi mtu wetu aanzie wapi kumsikiliza?

REHEMA: Aanze na “Susan MacLeod”, wa mwendo wa wastani. Asikilize vidole tu, mavumo ayaache yapite. Nyimbo za piobaireachd aziweke siku ambayo hana haraka.