Damu Kichwani, Chanzo Mgongoni

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wenzangu wa wodini, poleni na kazi. Tanga ni waja leo waondoka leo, kwa hiyo sitawachosha.

Miaka ya nyuma nililetewa mvuvi. Alikuwa akivuta jarife, ghafla akahisi kama kachomwa kisu katikati ya mabega. Baadaye maumivu yakapanda kichwani, akatapika, shingo ikakakamaa. Nikaandika: homa ya uti wa mgongo. Homa yenyewe hana! Mnacheka, siku ile sikucheka.

Kesho yake tukamtoa maji ya mgongo, yakaja na damu. Nikadhani sindano yangu imegusa mshipa. Lakini damu ya sindano hupungua kutoka chupa ya kwanza hadi ya tatu, na hii ilikuwa ile ile. Tukazizungusha kwenye mashine, chembe zikatuama. Yale maji ya juu, ukiyaweka mbele ya karatasi nyeupe, ni ya manjano. Rangi hiyo huchukua kama saa 12 kujitokeza. Damu ilimo tangu jana.

Tukampeleka Dar es Salaam. Siti skani ya kichwa safi, mishipa ya kichwani safi. Wengi huishia hapo, na siwalaumu: damu ya namna hii, inayovujia kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, kama mara 85 katika 100, hutoka kwenye aneurizimu ya kichwani, yaani mshipa uliotuna. Ya uti wa mgongo haifiki hata moja. Ila mgonjwa alishatuambia ilikoanzia. Mfaransa Michon aliyaeleza maumivu hayo mwaka 1928, akayaita pigo la jambia.

MRI, ile picha ya sumaku, ya mgongo mzima ikaonyesha damu iliyoganda, basi. Uvimbe wenyewe wa mshipa huwa wa milimita chache, hujificha humo. Ukweli uko kwenye angiografia, picha ya ndani ya mishipa: mrija unapita kinenani, unaingizwa mshipa mmoja mmoja wa mbavuni, kulia na kushoto. Kazi ya kukesha. Ateri ya Adamkiewicz, mshipa mkubwa unaolisha sehemu ya chini ya uti wa mgongo, msiiruke. Kwa wengi hutokea kushoto, pingili ya 9 hadi ya 12 ya kifua. Ndiyo hiyo pia ukiiziba ovyo, miguu inapooza.

Uvimbe wa mvuvi ulikuwa milimita tatu. Baadhi hujifunga wenyewe, tukasubiri. Picha ya marudio haikuuona. Alikuja kuniletea changu wawili, akaniuliza kwa nini nilimsumbua sana na habari za homa.