Mteteeni Nyuki wa Kwenye Kenchi

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Najua hapa Dodoma mtu akisema nyuki, mawazo yanakimbilia asali. Leo asali tuiweke kando. Nimekuja kumtetea yule mkubwa mweusi anayetoboa kenchi za nyumba zenu na kuwamwagia vumbi la mbao kitandani.

Ulaya kuna nyuki mnene mwenye manyoya, jamii ya Bombus. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 anafugwa na kuuzwa kwa wanaolima nyanya ndani ya kitalu nyumba, ayatetemeshe maua yatoe chavua, ule unga wa uzazi wa ua. Huku kwetu kusini mwa Sahara hayupo kiasili. Kazi yake inafanywa na huyu mnayemfukuza kwa fagio, jamii ya Xylocopa.

Mkitoka hapa, litazameni ua la ndulele, zile za pembeni mwa barabara. Katikati ya zambarau kuna vifuko vya njano vilivyosimama, na kila kimoja kina tundu dogo nchani tu. Chavua imo humo. Nyuki wa asali atazungukazunguka weee, aondoke na kiduchu. Huyu mweusi anavikumbatia, anaving'ata, mabawa anayatuliza, kisha anatetemesha misuli ya kurukia mamia ya mara kwa sekunde. Sikilizeni, mlio hubadilika ghafla, ukawa mwembamba. Chavua inamwagika tumboni mwake kama chumvi kutoka kwenye kichupa.

Nyanya na bilinganya ni ukoo mmoja na ndulele. Nyanya hujichavusha, upepo ukiitikisa inazaa, lakini ikitetemeshwa hivi tunda hujaa zaidi. Pesheni ndiyo humtegemea hasa, maana chavua ya ua lake huhitaji mgongo mpana wa kuigusa na kuibeba.

Na wala hali mbao! Jike huchimba handaki kwa meno, akaweka donge la chavua na mbochi, yale maji matamu ya maua, juu yake yai moja, akaziba kwa vumbi lile lile, akaanza chumba kingine. Mayai yake ni machache mno, kwa hiyo ukichoma kiota kimoja, pengo lake halizibiki upesi.

Mzee pale nyuma anauliza kama anauma. Jike ana mwiba, ila mpaka umshike. Dume linalokuzunguka kichwani kwa kelele halina mwiba kabisa. Kenchi pakeni rangi, yeye hupenda mbao kavu isiyopakwa, na gogo kavu muwekeeni kando ya bustani. Dawa ya wadudu bustanini pigeni jioni, nyuki huyu akishalala, isimdhuru.