Kinanda Kinachojipiga Chenyewe

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Kabla hatujaanza kuangalia nina ombi moja: msiharakishe kucheka. Kucheka mtacheka, hata mimi hucheka. Steringi hafi, adui unamjua kwa kumtazama tu, na kisa chote kinamalizika kabla saa moja haijatimia.

Filamu yetu inaitwa Randy Rides Alone, ya mwaka 1934. Steringi ni John Wayne, lakini msimngoje yule mnayemjua. Mwaka 1930 alipewa The Big Trail, picha ya fedha nyingi, ikadoda. Akaangukia kwenye zile studio ndogo za Hollywood zilizopewa jina la kejeli, Safu ya Ufukara, akakaa humo sehemu kubwa ya miaka hiyo hadi filamu ya Stagecoach ilipomtoa mwaka 1939. Ndiyo enzi ya mdororo wa uchumi Marekani. Majumba ya sinema yalikuwa yakiuza picha mbili kwa tiketi moja, na hizi za kaboi mara nyingi zilikuwa ile ya pili, kama andazi la nyongeza. Ziliundwa mbio mbio, nyingi kwa siku chache tu, nje juani, maana jua halidai malipo.

Sasa sikilizeni mwanzo wake. Nasema sikilizeni. Picha hizi kwa kawaida hazikuwekewa muziki wa chinichini, na watu wengi wanapozirudia leo huona zimepwaya. Mimi ndipo zinaponinasa. Randy, yaani Wayne, anakuja kwa farasi hadi kwenye baa iliyo peke yake nyikani. Ndani kinanda kinalia, muziki wa furaha kabisa. Anaingia. Wote waliomo ni maiti, na kinanda ni kile cha mashine, kinajipiga chenyewe. Ukutani ipo picha ya mtu, na macho yake yanamfuata. Studio tajiri ingeleta okestra nzima ituamuru tuogope. Hapa wana kinanda kimoja, na nywele zinasimama.

Tena kuna bubu. Filamu za sauti ndiyo kwanza zina miaka michache, watu wanalipa wasikie waigizaji wakiongea, na hawa wanamweka mtu anayejieleza kwa kuandika vikaratasi! Anamcheza George Hayes. Mengine ya bubu huyo sisemi.

Nimalizie na Yakima Canutt. Huyu alikuwa bingwa wa kupanda farasi wakali kwenye mashindano ya rodeo, akaja sinema kuanguka kwa niaba ya wengine. Yeye, Wayne na mwongozaji mmoja aitwaye Robert Bradbury ndio walioustawisha ule mtindo wa kupigana ambao kamera husimamishwa kwa hesabu, ngumi inapita mbele ya uso bila kugusa, nasi tunaapa kwamba jamaa kavunjwa taya. Baadaye Canutt ndiye aliyesimamia mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur ya 1959. Lakini leo usiku ni mmoja wa majambazi. Mkumbuke pia kwamba kwenye picha hizi, Wayne anapotakiwa kuruka au kuanguka, mara nyingi ni Canutt huyo huyo kavaa kofia ya Wayne. Kwa hiyo jambazi akimkimbiza steringi, mtazameni vizuri yule anayekimbizwa anavyokaa juu ya farasi.