Pointi za Hoteli: Zitumie Ugenini, Nyumbani Lipa Fedha

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wahasibu, wakaguzi na maofisa wa miradi wanaosafiri kikazi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mmoja wenu amenidaka mlangoni kabla sijapata hata maji ya kunywa. "Nina pointi 150,000 za hoteli, nizifanyie nini?" Maana yake zile alama ambazo kampuni ya hoteli humpa mwanachama wake kila anapolipia chumba, na baadaye anaweza kuzilipia chumba kingine. Nikamuuliza, za kampuni ipi? Akaona namzungusha. Simzungushi. Pointi 150,000 za kampuni moja zinaweza kuwa chini ya 50,000 za nyingine. Mwanachama wa kawaida wa Hilton Honors, programu ya pointi ya hoteli za Hilton, hupata pointi 10 kwa kila dola anayolipa katika hoteli zao nyingi. Wa World of Hyatt, programu ya hoteli za Hyatt, hupata 5. Haraka haraka utasema Hilton ndio wakarimu. Lakini wanaofuatilia mambo haya huikadiria pointi ya Hilton karibu na nusu senti ya Marekani, ya Marriott Bonvoy juu kidogo ya hapo, na ya Hyatt zaidi ya senti moja na nusu. Accor, kampuni nyingine ya hoteli, hawakuachii kubahatisha: pointi 2,000 zinakukatia euro 40 kwenye bili, mwisho wa maneno.

Hesabu ya kujua pointi moja inakufaa senti ngapi, nyie wahasibu mtaniona namfundisha samaki kuogelea. Chukua bei ya fedha ya chumba kile kile, tarehe ile ile, kodi zote ndani. Ondoa kile utakacholipa mkononi hata ukitumia pointi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya pointi. Tuseme chumba ni dola 180 kodi ikiwemo, au pointi 40,000. Unapata senti 0.45 kwa pointi. Hapo jiulize: kampuni yenyewe inaziuza kwa bei gani? Hilton mara kwa mara hutoa ofa ya kununua pointi ukaongezewa nyingine kiasi kile kile, na hapo pointi 1,000 zinakutoka kwa dola 5, yaani nusu senti kwa kila pointi. Ukizitumia kwa 0.45 umeziuza chini ya bei ya duka.

Sasa tuje kwenye jambo lililonileta hapa. Maelezo mengi ya hesabu hii yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Mmarekani akifungua programu ya hoteli kwenye simu akaona dola 180, kwake hiyo kweli ndiyo bei. Wewe je? Hapa Dar, Arusha, Nairobi au Mombasa, hoteli nyingi zina bei ya mkazi, na ofisi nyingi zina bei ya mkataba. Unapiga simu mapokezi, unajitambulisha, unataja kampuni, unauliza kama kuna nafuu katikati ya wiki. Tuseme wanakupa kwa dola 110, na chai ya asubuhi ndani yake. Ile 180 haikuhusu tena, ni bei ya mtu mwingine. Gawa upya: senti 0.275.

Na hapo hatujaigusa chai. Kwetu bei ya chumba kwa kawaida huja na kifungua kinywa, lakini usiku wa pointi mara nyingi ni chumba kitupu, isipokuwa daraja lako la uanachama linakupa chai. Mko wawili, chai dola 15 kila mmoja, hizo ni 30 ambazo zitatoka mfukoni. Kwa hiyo pointi zako 40,000 zimekuokolea dola 80 tu. Senti 0.2 kwa pointi, wakati kwenye skrini ulijiona umepata mara mbili na zaidi ya hapo. Halafu usiku wa pointi haukuingizii pointi mpya, na hizo nazo ungezipata kama ungelipa.

Ndiyo maana nawaambia: nyumbani lipa fedha. Nyumbani una ulimi, una namba ya meneja wa mauzo, una kitambulisho. Pointi ziweke kwa ajili ya mahali ambapo huna chochote cha kujadiliana nacho.

Mfano wangu mkubwa ni Makka. Wengi humu ndani mna mzazi anayetaka Umra, au mnaitaka wenyewe. Kuzunguka Haram zipo Conrad, Hilton, Hyatt Regency, Marriott, Le Méridien, na Fairmont ndani ya mnara wa saa. Pale hakuna bei ya mkazi wa Temeke. Ramadhani ikiingia bei zinapanda, na kumi la mwisho, zile siku kumi za mwisho wa mwezi, ndilo balaa lenyewe. Bei ya fedha ikiwa juu na wewe huna njia ya kuishusha, ndipo pointi inapofanya kazi iliyoumbiwa.

Lakini msikimbilie. Zamani hoteli ilikuwa na bei maalumu ya pointi kwenye jedwali, hata kama fedha imepanda mara tatu. Hilton waliliondoa jedwali lao mwaka 2017, Marriott wakafuata Machi 2022. Siku hizi kwao pointi zinapanda pamoja na fedha. Hyatt ndio wamebaki na jedwali la madaraja ya hoteli lenye kikomo kinachojulikana, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya pointi yao kuthaminiwa. Hata hivyo, msimu ukikaza hoteli huachia vyumba vichache sana vya kawaida kwa pointi. Atakayesubiri mwezi uandame ndipo atafute, hatakuta kitu. Tafuta mapema, weka nafasi mapema. Kwa kawaida usiku wa pointi unaweza kuufuta na pointi zikarudi, ilimradi hujapitisha siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye uthibitisho. Isomeni siku hiyo. Kuna watu wanaisoma wakiwa uwanja wa ndege.

Kingine kinachoifaa safari kama ile ni usiku wa tano. Marriott humpa kila mwanachama: ukiweka siku tano mfululizo kwa pointi, mmoja hulipii, na ni ule wa bei ndogo kuliko mingine. Hilton wanatoa usiku wa tano bure kwa wenye daraja la Silver kwenda juu, kwa vyumba vya kawaida vya pointi. Siku nne kwa 40,000 ni 160,000. Siku tano, 160,000 vile vile. Kama ulipanga nne, mwongezee mama siku.

Naona mkono. Ndiyo, dada? ... Anauliza, pointi za ndugu zinaweza kuunganishwa? Hilton wanakuruhusu kuchanga na wanachama wengine hadi kumi, bila malipo. Kaka yuko London, dada yuko Maskati, wewe uko Kariakoo, mnamimina kwenye akaunti moja. Marriott nao wanaruhusu kuhamisha kwa mwenzio, kwa kiwango cha mwaka. Hakikisheni tu jina la atakayelala limeandikwa kwenye nafasi, kama lilivyo kwenye pasipoti.

Mwingine anauliza kuhusu Maasai Mara, pale JW Marriott. Swali zuri, maana pale ukigawa unapata namba ya kutisha: bei ya fedha ni kubwa mno, kwa hiyo kila pointi inang'aa. Lakini ungezilipa hizo fedha? Kama jibu ni hapana, hujaokoa kiasi hicho. Umeokoa kile ambacho ungekuwa radhi kukitoa kwa mapumziko yale, labda robo yake. Sisemi usiende, raha nayo ni matumizi halali, na binafsi ningeipenda kuliko kununua blenda kwa pointi kwenye katalogi yao. Nasema usijidanganye kwenye daftari. Kumbuka pia kwamba pointi hazilipi kiingilio cha hifadhi. Tangu 2024, mgeni asiye mkazi analipa dola 100 kwa siku Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, kipindi ambacho ndani yake mna msimu wa nyumbu kuvuka mto. Shemeji akija kutoka Marekani Agosti, siku tatu ni dola 600 kabla hajala.

Kutumia pointi kununua vitu vya dukani, vocha au hiyo blenda, mara nyingi ni hasara. Kuzihamisha ziwe maili, yaani pointi za mashirika ya ndege, nako mara nyingi ni hasara: Marriott wanatoa maili moja kwa pointi tatu, na kwa mashirika mengi ukihamisha 60,000 wanakuongezea maili 5,000 ukapata 25,000. Hilton kwa kawaida ni pointi kumi kwa maili moja, na hapo sina la kuongeza. Nikubali jambo moja tu: umepungukiwa maili chache kukamilisha tiketi, basi jazia.

Kuhusu kuzihifadhi. Pointi haina riba, na aliyeitoa ndiye anayepanga thamani yake, siku yoyote anayotaka. Marriott, Hilton na Hyatt huzifuta ukikaa miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti. IHG, kampuni nyingine ya hoteli, kwa mwanachama wa daraja la chini ni miezi 12, na Accor siku 365. Anayejilimbikizia kwa ajili ya kustaafu anawafanyia hisani wenye hoteli.

La mwisho ni kuhusu zinakotoka. Ukiweka nafasi kupitia tovuti za watu wa kati kama Booking.com, kwa kawaida hupati pointi. Warsha ambayo mwandaaji amelipia vyumba kwa mkupuo, mara nyingi wewe uliyelala huandikiwi kitu. Uliza mapokezi siku ya kuingia, msingoje siku ya kutoka. Ofisi ikiwa imelipa, masharti ya programu kwa kawaida humpa mgeni pointi, lakini kanuni za mwajiri zinaweza kusema vingine, na kwa wakaguzi mlioko hapa sihitaji kueleza hilo linavyosomeka kwenye ripoti. Na akaunti ifungueni kwa barua pepe yenu binafsi. Siku mkataba wa mradi ukiisha, barua pepe ya ofisi inafungwa saa kumi jioni, na msimbo wa kuingilia kwenye pointi zako unatumwa huko huko.