Biyenale ni ya mwenyeji kwanza: namna ya kuufurahia mji wa Lubumbashi wakati wa sanaa

Jambo yenu wote. Jambo kwa wazee wetu, kwa bamama, na kwenu vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Sogeeni, mbele bado kuna nafasi.

Nimeombwa niseme namna ya kuufurahia mji wakati wa tamasha za sanaa. Huko Ulaya tamasha hizo huja na joto la Julai na Agosti. Huku kwetu Julai ni baridi. Mji wetu, huku kusini mwa Kongo, uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa mwezi huo hakuna anayekaa uani bila koti. Biyenale ya Lubumbashi yenyewe, yaani tamasha la sanaa la kila miaka miwili hivi, huja ukame unapomalizika, vumbi jekundu likiwa bado linapepea na jakaranda zimechanua. Ile ya 2019 ilifunguliwa Oktoba ikamalizika Novemba. Basi tembeeni asubuhi, jua halijawa kali. Na ikifika Novemba, chukueni mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe, maana mvua ya alasiri haimpigii mtu hodi.

Hayo mnayajua. Lililonileta hapa ni jingine, na linaniuma.

Biyenale hii ilianza 2008 kwa jina la Rencontres Picha. Walioianzisha ni vijana wa mji huu, akina Sammy Baloji na Patrick Mudekereza pamoja na wenzao. Baadaye wakaalikwa wasimamizi wa maonyesho wenye majina makubwa: Simon Njami mwaka 2010, Sandrine Colard mwaka 2019. Wasanii wanatoka mbali, wageni wanapanda ndege kuja kuona. Lakini ukiingia ukumbini mchana, watu wa mitaa yetu, wa Katuba, wa Kenya (mtaa wetu, si nchi), wa Ruashi, ni wa kuhesabu. Jirani ukimwuliza anasema yale ni mambo ya waliosoma, au ni mambo ya wazungu. Anafika mlangoni, anamwona mlinzi, anarudi. Jamani, ingieni. Mlinzi yuko pale kulinda picha, hakuwekwa kuwazuia ninyi. Maonyesho mengi hayana hata tiketi.

Tena nawaambia hivi: mgeni anahitaji karatasi ya maelezo ili aelewe anachokiona. Wewe maelezo unayo nyumbani. Chukueni zile picha za Baloji zinazoitwa Mémoire, za mwaka 2006. Alitwaa picha za zamani za wafanyakazi wa migodi wa wakati wa ukoloni, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, jinsi vilivyokuwa alipovipiga picha, vimeoza, mabati yamepasuka. Mtu wa Paris anaiona kazi nzuri ya picha. Wewe unamwona babu yako. Unajua mshahara ulipokatika nani aliacha shule, nani alirudi kijijini, nani alianza kuuza makala, yaani mkaa. Je, kati yenu wawili ni nani aliyesoma?

Kwa hiyo siku ya kwanza msianzie ukumbini. Anzeni na mji. Simameni mahali ambapo dohani ya Gécamines inaonekana vizuri, na kile kilima cheusi pembeni yake. Mji ulizaliwa 1910 kwa jina la Élisabethville, reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo, na mwaka 1911 tanuru ikatoa shaba ya kwanza. Kilima kile ni mabaki ya shaba yote iliyoyeyushwa pale tangu wakati huo. Wazee watawaambia kwamba zamani kilikuwa kikubwa zaidi, na ni kweli, kwa sababu mabaki yale nayo yanachotwa na kuyeyushwa upya kutafuta kobalti. Mkilitazama jambo hilo kwa utulivu, kisha mkaingia kwenye maonyesho kama yale ya 2022 yaliyobeba jina la ToxiCité, neno la Kifaransa linalounganisha sumu na mji, hamtahitaji mtu wa kuwafafanulia neno moja. Hewa, maji, udongo wa bustani zetu: ni habari zenu.

Angalizo moja hapo. Msipige picha ovyo. Mbele ya kiwanda, mbele ya ofisi za serikali, karibu na askari, ombeni ruhusa kwanza, na ukiambiwa hapana, weka simu mfukoni bila kubishana. Mgeni uliyemleta mwambie mapema, kabla hajaitoa kamera. Mwambie vilevile kuhusu dola zake: noti iliyopasuka kidogo tu pembeni hakuna atakayeipokea, na kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, au kinywaji cha munkoyo awe na faranga ndogondogo.

Jambo la pili, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: sanaa ya mji huu haikuanza 2008. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, iliyojulikana kama Le Hangar, na mle wakatoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, ambaye alichora kwa ncha za vidole vyake bila brashi. Mwaka 1951 kikafunguliwa chuo cha sanaa. Lakini sanaa iliyoingia majumbani mwetu ni nyingine kabisa. Ni ile ya wachoraji wa mitaani wa miaka ya sitini na sabini, waliochora juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuzunguka nayo mlango kwa mlango. Nani hapa hajasikia habari za picha ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, saa mkononi? Ilitundikwa sebuleni, juu ya kiti cha baba. Pembeni yake labda ile ya Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji, mfungwa amelazwa anapigwa fimbo, askari amesimama. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi hii katika picha 101 kati ya 1973 na 1974. Ziko Amsterdam leo.

Sasa, wakati wa biyenale, jioni moja msiende popote. Nendeni kwa shangazi, kwa babu, kwa jirani mzee. Muulizeni: zamani ukutani hapa palikuwa na picha gani? Nani aliileta? Kwa nini mliitoa? Wengi waliitoa walipookoka, kwa sababu mamba muntu alihesabiwa kuwa ni pepo wa mali. Wengine waliiuza wakati wa njaa. Nyumba moja itawapa habari ambazo ukumbi mzima hauna, na mtoto atakayesikia hayo ataingia makumbusho kesho yake kwa macho mengine.

Kuhusu makumbusho yenyewe, yale ya taifa yaliyo katikati ya mji, msiyapite haraka kwa kuwa mliyaona mkiwa shuleni. Biyenale imewahi kupanga kazi mpya humo humo, kati ya vitu vya kale, na hapo ndipo mambo huwa matamu. Kisha Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, siyo mbali. Mnaweza kwenda kwa miguu. Viwili hivyo kwa siku moja vinatosha. Mwenye kutaka kuona kila kitu kabla ya jua kuzama hurudi na miguu inayouma, na picha zote zimemchanganyika kichwani.

Jioni tafuteni karindula. Ni ile banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Haitangazwi sana, ulizeni vijana wa Kenya na Katuba, watawaonyesha. Kuleni kwanza, bukari (ugali wetu) na michopo (nyama ya kuchoma), maana ikianza haikatiki mapema. Na panga usafiri wa kurudi ukiwa bado na mwanga, umeme ukikatika mtaani giza ni kubwa.

Na ukipenda kazi ya msanii wa hapa, ya shaba, ya malakiti (lile jiwe la kijani) au ya rangi, inunue. Usiulize bei ya mwisho kabla hujauliza jina lake. Mwombe aandike jina na mwaka nyuma ya kazi, kwa mkono wake, kwa sababu kazi nyingi za wachoraji wetu wa zamani zimebaki bila jina na watoto wao hawana cha kuonyesha.

Ninaona mama pale amekwisha inua mkono. Karibu mama, uliza.