Siku ya Wapendanao Ilianzia kwa Mshairi

Mabibi na mabwana, wanangu mliojaa huko nyuma, asalaam aleikum. Naanzia palepale ninapoanzia kila mwaka, kwa kuwa kila mwaka redio hurudia hadithi ileile ya chanzo cha Siku ya Wapendanao: kasisi Valentino aliwaozesha askari kwa siri, Kaisari Klaudio wa Pili akaamuru akatwe kichwa. Hadithi tamu, lakini ilizuka karne nyingi baada yake, na hakuna ushahidi kwamba Klaudio aliwakataza askari kuoa. Palikuwa na mfiadini wa jina hilo, pengine wawili, wa karne ya 3, wakikumbukwa tarehe 14 Februari. Mapenzi hayamo. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki lenyewe lilimtoa katika kalenda yake kuu kwa uchache wa habari zake.

Basi mapenzi yalitoka wapi? Kwa mshairi! Geoffrey Chaucer, Mwingereza wa karne ya 14, alitunga shairi ambamo ndege wote wanakutana siku ya Valentino, kila mmoja achague mwenzake. Tai watatu wa kiume wanamgombea jike mmoja. Kila mmoja anajieleza, anaapa, anarefusha, hata bata na bata bukini wanapiga kelele kesi iishe, wao waondoke na wenza wao. Na yule jike? Anaomba mwaka mzima wa kufikiri, na anapewa. Wazazi mlio hapa, lisikieni hilo: aliulizwa, akasema bado, akaheshimiwa. Shairi hilo, pamoja na ya wenzake wa zama zile, ndiyo maandishi ya mwanzo tunayoyajua yanayoifunga siku hii na wapenzi.

Mtaniambia, mwalimu, hii si sikukuu yetu. Asiyeiadhimisha sina neno naye. Nasema nanyi mnaoiadhimisha, mnaonunua kadi yenye maneno ya mtu msiyemjua, tena katika Mombasa, mji wa mshairi Muyaka wa Mwinyi Haji! Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, kadi za wapenzi zikawa rahisi kutumwa, biashara ikakolea. Muyaka alifariki yapata mwaka huohuo, na beti zake, za siasa na za mapenzi, zilikuwa zikipita Mombasa hii kinywa kwa kinywa.

Na kanga je? Nendeni Biashara Street mkamwangalie mwanamke anayenunua. Anaikunjua, anapitisha kidole kwenye jina, anasoma, anairudisha, anaomba nyingine. Rangi ilimridhisha tangu mwanzo, maneno ndiyo bado. Anajua atakayepewa atayasoma, na majirani watayasoma vilevile. Kijana unayetaka kutoa zawadi, chagua kwa makini yaleyale.

Wapo watakaonijibu kwamba waridi la Naivasha linaiingizia nchi fedha. Kweli, na nawaombea wafanyakazi wa mashamba yale malipo mema. Waridi lile hukatwa lingali limefumba, likatiwa baridi, likapandishwa ndege mpaka Uholanzi. Lakini mwanamke wa hapa amepambwa kwa kikuba, kishada cha asumini na rehani, tangu enzi za bibi zetu. Asumini huchumwa ingali tumba, ije ifunguke usiku ikiwa kwenye nywele. Kikuba hakiwekeki wiki nzima. Sharti umkumbuke mwenzako siku ileile.

Ya chokoleti nilikuwa nayo mengi: Richard Cadbury na boksi lake la umbo la moyo la miaka ya 1860, na Wajapani, ambao wanawake hutoa chokoleti tarehe 14 Februari na wanaume hurudisha fadhila tarehe 14 Machi. Lakini mwenyekiti ameshanionyesha saa.

Karatasi na kalamu ziko meza ya mlangoni. Badala ya kadi ya kununua, mwandikie mwenzako ubeti wako mwenyewe, mmoja tu: mistari minne, mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vitimie. Atakayekwama kwenye mizani anifuate hapa mbele, nipo mpaka magharibi.